Jina Tulilompa Mdogo Wangu

Nanganga,
12 Februari 1950

Kwa Mjomba wangu mpenzi Mbaruku,

Shikamoo Mjomba. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Nachingwea, wewe pamoja na mkaza mjomba na watoto. Sisi huku ni wazima. Baba anakusalimu. Mama anakusalimu sana na anasema usisahau kula, kana kwamba mtu mzima anaweza kusahau jambo hilo. Mvua ni nzuri. Mahindi yamenifika mabegani na ufuta tumekwisha kupanda. Mbuzi mweupe amezaa, lakini hampendi mtoto wake, inabidi tumshike ili anyonyeshe.

Asante sana kwa kitambaa ulichotuletea kwa mkono wa dereva wa lori. Mama amenishonea gauni la shule, na kipande kilichobaki kimekuwa kaptula ya Shaban. Sasa mimi na Shaban tukisimama pamoja, watu wanasema tumetoka duka moja. Nakushukuru pia kwa kuniacha niendelee na masomo. Najua wengine walikuambia kwamba msichana aliyekwisha kutoka unyago hana kazi tena shuleni, na wewe hukuwasikiliza.

Mwalimu Albina anatufundisha kuandika barua. Anasema salamu kwanza, habari za nyumbani pili, ndipo neno lenyewe. Anayeanza na neno lenyewe ni kama mgeni aliyeingia jikoni bila kupiga hodi. Basi nimekwisha kupiga hodi, Mjomba, nami naingia.

Neno lenyewe ni mdogo wangu. Alipotoka unyago mwezi wa Septemba jina lake la utotoni lilikatazwa, akapewa la marehemu dada yako, mama mdogo Mwanawetu, aliyetutoka mwaka huohuo wakati wa kuvuna ufuta. Wewe mwenyewe ulituma neno kwamba apewe hilo. Tulifurahi sote. Mama, ambaye tangu msiba alikuwa hata shamba haendi, siku ile alioga, akavaa kanga mpya, akapita nyumba kwa nyumba akisema, "Mwanawetu amerudi." Shaban, mtoto wa marehemu, sasa anamwita mdogo wangu mama, na analala naye. Baba mdogo Halfani, mume wa marehemu, akipita hapa anaketi na kusema, "Mke wangu, leo umenipikia nini?" Watu hucheka sana, maana huo ni utani ulio haki yake.

Mdogo wangu ana miaka kumi na moja. Mwanzoni alicheka pamoja nao. Sasa hacheki. Kila asubuhi tumbo linamuuma. Anakula vijiko viwili vya uji, vinavyobaki anampa Shaban. Shuleni anaketi tu, na Mwalimu Albina amemruhusu aketi bila kuulizwa maswali.

Mama anasema huo ni utu uzima unamwingia. Mimi pia ulinipata huo utu uzima, Mjomba, lakini sikuacha kula. Naomba ushauri wako, kwa kuwa wewe ndiye mwenye neno juu ya watoto wa dada yako.

Mimi mpwa wako mtiifu,
Sabaha binti Mikidadi

*

Nachingwea,
9 Machi 1950

Mpwa wangu Sabaha,

Marahaba. Barua yako imefika na nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa sababu ya mwandiko tu. Nimemwonyesha nyapara wetu, akauliza kama imeandikwa na karani. Nikamwambia ni mpwa wangu, mwenye kitambaa kimoja na kaptula ya Shaban. Alicheka hadi akakaa chini.

Huku ni wazima. Mkaza mjomba wako anaumwa meno, lakini kusema hajaacha. Kazi ya kufyeka pori la kupandia karanga ni ileile. Matrekta mawili yanavuta mnyororo katikati yake, na miti inaanguka kama majani. Karanga zenyewe sijaziona nyingi. Mwambie baba yako asiuze mbuzi mweupe, mbuzi wa uzazi wa kwanza huwa hivyo, wa pili atampenda.

Kuhusu tumbo la mdogo wako, nimekwenda kwa dresa wa hospitali nikamweleza yote. Amenipa chumvi ya haluli ya kusafisha tumbo, imo ndani ya kikaratasi cha buluu. Koroga kijiko kimoja katika maji ya moto, anywe asubuhi kabla ya uji. Watoto wa siku hizi wanakula mahindi mabichi shambani halafu wanasingizia mambo mengine.

Mwambie mama yako nakula.

Mjomba wako,
Mbaruku

*

Nanganga,
26 Machi 1950

Kwa Mjomba wangu mpenzi,

Shikamoo. Pole kwa mkaza mjomba na meno yake. Mama anasema asukutue maji ya chumvi, lakini si ile uliyotuletea! Mbuzi hajauzwa. Mto Lukuledi umejaa, na watoto wa ng'ambo hawaji shuleni, kwa hiyo nafasi ni tele na kila mtu ana kibao chake mwenyewe.

Asante kwa dawa. Mdogo wangu aliinywa bila kukunja uso, jambo lililonitia hofu, maana zamani ungemkimbiza mpaka barabarani. Dawa ilifanya kazi yake kutwa nzima. Lakini kesho yake tumbo likauma palepale. Nadhani, Mjomba, kwamba dawa ilikwenda mahali ambapo ugonjwa haupo.

Sasa nitakueleza jambo lililotokea Ijumaa, ili ujue kwanza kutoka kwangu, kwa sababu Bi Kulthumu atakuletea mashtaka. Tulikuwa tunatwanga nje, mimi na mdogo wangu, na Bi Kulthumu, somo yake wa unyago, alikuwa ameketi akitusahihisha. Nyoka akatoka kwenye kuni. Mama alikuwa mlangoni, akaona kwanza. Akaita, "Mwanawetu! Mwanawetu!" Mdogo wangu aliendelea kutwanga kana kwamba anaitwa mtu wa nyumba nyingine. Nyoka alikuwa karibu na kisigino chake. Mimi sikufikiri, nikapiga kelele, "Biasha! Ruka!" Akaruka palepale, akaangukia upande wangu.

Hata kabla baba hajaleta fimbo, Bi Kulthumu alisimama akasema, "Kuku wangu!"

Unajua kwamba anayemwita mwali jina la utotoni hulipa kuku. Baba akasema, "Nyoka hajafa, Bi Kulthumu, wewe unadai kuku?"

"Muueni taratibu. Mimi nataka kuku jike, asiwe mgonjwa wa kideri."

"Mtoto angeumwa je?"

"Angeumwa ningelia. Hakuumwa, nadai."

Watu walicheka, na baba alimshika kuku akampa. Lakini mimi sikucheka, Mjomba, kwa sababu nilikuwa nimeona uso wa mdogo wangu pale aliponiangukia. Ulikuwa uso wake wa zamani. Alinitazama kama mtu aliyekuwa amefungiwa ndani ya ghala akasikia kufuli linafunguliwa. Kisha Bi Kulthumu akadai kuku wake, na uso ule ukaondoka.

Sikuandika haya kwa kudharau unyago. Naushukuru, nilifundishwa mengi mazuri. Nauliza tu: je, jina linaweza kuwa zito kwa mtoto? Na likiwa zito, mjomba mtu anaweza kulipunguza?

Mpwa wako,
Sabaha

*

Nachingwea,
2 Mei 1950

Mpwa wangu Sabaha,

Marahaba. Barua yako imekaa njiani mwezi mzima kwa sababu ya mvua. Huku ni wazima. Jino la mkaza mjomba wako limeng'olewa, na amelihifadhi kwenye kopo la chai.

Kuku wa Bi Kulthumu nitamlipa baba yako mimi. Ulifanya vizuri kupiga kelele.

Lakini hilo lingine hapana. Jina halivuliwi kama shati. Likishatolewa mbele ya wazee limetolewa. Fikiria pia habari ya mama yako. Yeye ndiye aliyemlea marehemu tangu mama yetu alipofariki, alimbeba mgongoni mpaka ukubwani. Mwaka jana alikuwa ameketi tu kama mtu asiye na mifupa. Sasa anatembea, anaita watu, analima. Unataka nimrudishe pale alipokuwa?

Mpeni mdogo wako uji mzito na maziwa ya yule mbuzi. Atazoea. Habari hii tusiiandike tena.

Soma kwa bidii.

Mjomba wako,
Mbaruku

*

Nanganga,
28 Mei 1950

Kwa Mjomba wangu mpenzi,

Shikamoo. Sote tunaishi. Mahindi tumekwisha kuvuna, mtama umeanza kukomaa, na nyani wameanza kuuhesabu kuwa ni wao. Mbuzi mweupe sasa anampenda mtoto wake. Ulisema itakuwa uzazi wa pili, lakini hakungoja. Nakushukuru kwa kumlipa baba kuku.

Nakuomba radhi, kwa kuwa naandika tena ulichokataza. Nimekaa na kalamu siku nyingi. Mwalimu Albina alinikuta nalia juu ya karatasi tupu, akaniambia kwamba kumtii mkubwa si kumficha mtoto aliye mgonjwa. Basi kosa likiwapo ni langu, si la mwalimu.

Baba hakusema neno lolote juu ya jina. Alisema, "Mimi katika nyumba hii ni mwoaji tu, jina si langu. Lakini nyani ni wangu." Akamchukua mdogo wangu kwenye dungu la kulindia shamba la mtama wakafukuze nyani pamoja, kila siku baada ya shule. Hakumuuliza kitu. Yeye alichonga mpini wa jembe, mtoto akapiga debe. Nilipowapelekea viazi, niliwakuta wamenyamaza, lakini kwa ukimya mzuri. Mpini ule baba ameuchonga mpaka umekuwa mwembamba kama mwiko, maana hakutaka kazi iishe.

Juzi nilikuwa chini ya dungu nikikusanya kuni. Nikamsikia mdogo wangu anauliza, "Baba, ufuta utavunwa lini?"

"Ukikauka. Mwezi ujao, au mwisho wake."

"Basi nitaugua mwezi ujao."

Baba aliacha kuchonga. "Nani kakuambia?"

"Hakuna mtu. Mama mdogo aliugua wakati wa ufuta. Nami si ndiye?"

Mjomba, mimi ningepiga kelele. Baba hakucheka wala hakukemea. Alimuuliza kwa sauti ileile anayoulizia mambo ya shamba, "Unaogopa?"

Akajibu, "Kufa naogopa kidogo. Naogopa zaidi mama atalia tena, atasema Mwanawetu amekufa mara ya pili, na safari hii itakuwa kosa langu."

Tangu mwezi uliopita amekuwa akimzoeza Shaban kulala kwa mama yetu. Tulidhani amemchoka mtoto. Kumbe alikuwa anapanga nyumba ya watu wengine kabla ya kuondoka.

Baba alishuka naye amembeba, mkubwa kama alivyo. Alipomweleza mama, mama alikasirika. Alisema, "Mnataka kuninyang'anya." Akaingia ndani akafunga mlango na jua liko juu. Tangu siku hiyo anapika, analima, lakini haiti jina lolote. Akimtaka mdogo wangu anasema, "Wewe."

Mjomba, nimezisoma tena barua zako. Unaandika marehemu. Unaandika mdogo wako. Jina la mama mdogo hujaliandika hata mara moja, na nyumbani hujafika tangu alipozikwa. Kama wewe mwanamume, mwenye kuangusha miti, jina hilo linakulemea hata kwa kalamu, mdogo wangu analibeba kutwa kichwani, na hana pa kulitua.

Njoo, Mjomba. Ufuta umeanza kugeuka rangi.

Mpwa wako,
Sabaha

*

Nachingwea,
11 Juni 1950

Sabaha mpwa wangu,

Mwanawetu.

Nimeanza na jina kabla ya salamu. Mwambie Mwalimu Albina anisamehe, nimeingia jikoni bila hodi. Nimekaa na karatasi hii jioni nzima, na mkaza mjomba wako, kwa mara ya kwanza tangu tuoane, amekaa karibu nami bila kusema kitu.

Alipofariki nilikuwa huku porini na mnyororo. Habari ilinifikia amekwisha kuzikwa. Nilifunga mzigo wa safari, nikaufungua. Nikafunga tena, nikafungua. Nilijiambia kazi ni nyingi. Halafu mama yako akatuma kuuliza mwali aitwe nani, nami nikajibu palepale kwa mdomo wa dereva. Nilijua ninalofanya. Nilitaka siku nitakapokuja, nikiita jina lake pale uani, mtu aitike. Sikumfikiria huyo atakayeitika.

Sasa msomee mdogo wako haya, polepole, mahali ambapo mama yako anaweza kusikia.

Mwanawetu hakuwa mtu wa sifa kama wanavyomweleza tangu alipokufa. Alipokuwa na umri wako alitumwa kulinda mtama, akalala usingizi, ndege wakala nusu ya shamba. Mama yako alipomuuliza, alisema ndege waliomba kwa adabu. Kutwanga hakupenda hata kidogo, na siku moja aliuficha mchi mtoni, tukautafuta siku mbili. Aliniuma mkono hapa juu ya kiwiko kwa sababu nilikula ukoko wake. Alikuwa mvivu, mwongo kidogo, na akicheka kuku walikimbia. Wewe hufanani naye. Wewe ni mchapakazi na hujamuuma mtu. Alipata kichomi baada ya kunyeshewa, na hapakuwa na gari la kumfikisha hospitali. Ndicho kilichomuua. Hakikumkuta kwa sababu ya jina, wala hakimtafuti mtu mwingine mwenye jina hilo.

Nimemwomba nyapara ruhusa. Aliuliza nani mgonjwa. Nikasema mtoto wa dada yangu. Anaumwa nini? Nikasema ana huzuni. Akanitazama sana, nikadhani atanicheka. Akasema, "Nenda. Wangu alikuwa hivyohivyo, nami sikwenda."

Nakuja Jumamosi ijayo na lori la saruji. Haluli iliyobaki mwageni.

Mbaruku

*

Nanganga,
30 Julai 1950

Kwa Mjomba wangu mpenzi,

Shikamoo. Tunamshukuru Mungu ulifika salama, na tunamshukuru mkaza mjomba kwa sukari na kwa salamu zake ndefu. Baba ameanza mpini mwingine. Bi Kulthumu anakusalimu na anauliza kama yule kuku uliyemlipa baba haingefaa kulipwa yeye pia, kwa ajili ya usumbufu.

Mwalimu Albina alituambia tuandike insha ya siku moja ya shukrani. Nimeandika siku uliyokuwa hapa, na nakunakilia sehemu, kwa sababu wewe ulikuwa umesimama mbele na hukuona nyuso zilizokuwa nyuma yako.

Asubuhi ile ulipotoka makaburini na mama, nyote wawili mlikuwa na vumbi magotini. Baba alisoma Fatiha. Wewe ulichukua unga wa mtama katika ungo, ukaumimina kidogo kidogo pale penye kizingiti, ukasema kwa Kimwera, na baadaye kwa Kiswahili ili baba mdogo Halfani na wageni wasikie, "Mwanawetu, mdogo wangu, tulikuita kabla hujapumzika. Jina lako tunalilaza. Mtoto mchanga atakapozaliwa katika ukoo huu tutampa, akue nalo taratibu. Huyu tumuache."

Ulipotaja jina, mama alishika nguzo ya baraza. Baba alimshika mama. Hilo hukuliona.

Kisha ulimgeukia mdogo wangu ukamuuliza, "Na wewe unataka kuitwa nani?" Bi Kulthumu akaruka: "Mwali haulizwi jina!" Ukasema, "Mwaka huu anaulizwa." Baba mdogo Halfani akasema, "Usichague tu la mama mkwe wangu, nitashindwa kupita njia hii!" Watu wakacheka, na mdogo wangu naye akacheka, mkono mdomoni. Kisha akasema, "Mwamina."

"Mwamina gani?" Bi Kulthumu akauliza. "Ukoo wetu hauna Mwamina. Jina la hewani hilo!"

Naye akajibu polepole, "Ndiyo maana, Bibi. Hakuna anayemkumbuka."

Wewe ulikubali kwa kichwa. Mimi nilikuwa karibu na baba mdogo Halfani, nikaona ameinama akifunga kamba za viatu. Hakuwa amevaa viatu.

Hapo ndipo insha yangu inaishia. Haya yanayofuata sikuyaandika shuleni.

Ufuta tumeuvuna. Tumeukata na kufunga matita, yamesimama uani yanakauka. Siku ya kwanza ya kukata, Mwamina aliamka na tumbo likamuuma, nami sitakuficha. Mama hakumpa dawa wala hakumwambia nyamaza. Aliketi naye wakanywa uji katika bakuli moja, akamwambia, "Leo tutakuwa wote. Ukichoka niambie, ukiogopa niambie pia." Saa nne Mwamina alisema anaogopa. Mama akaweka panga chini, wakakaa kivulini mpaka hofu ikapita, kisha wakaendelea. Kesho yake alisema mara moja tu. Siku ya tatu alisahau kusema, na mchana alikula ugali mpaka baba akamsogezea sahani yake. Tumbo bado humuuma asubuhi fulani. Lakini sasa huja kutuambia.

Baba mdogo Halfani haleti tena utani ule. Anamwita mwanangu, na Jumapili alimletea muwa. Shaban bado humwita mama anapokuwa na usingizi, na Mwamina humjibu, "Dada," bila kumkemea.

Nilikuwa na hofu kwa ajili ya mama, Mjomba, na wewe pia ulikuwa nayo, maana ulipopanda lori uliniambia, "Mwangalie." Nimemwangalia. Tangu msiba watu walimpa pole, yeye akajibu amerudi, amerudi. Jana baada ya adhuhuri alikuwa uani akikung'uta ufuta juu ya jamvi. Akapiga tita moja kwa fimbo, akapiga la pili, akasimama. Akasema, si kwangu, "Sasa ndiyo amekufa." Akaketi palepale katikati ya mbegu akalia kwa sauti, kama watu wanavyolia siku ya kwanza. Majirani walichungulia, baba akawapungia mkono waende.

Mimi sikujua nifanye nini. Nilitaka kumtoa Mwamina asione. Alikuwa ametoka kisimani, nywele zimetimka. Aliona. Aliweka ndoo chini, akaingia ndani, nikadhani amekimbia. Akarudi na chanuo, akaenda akaketi chini katikati ya magoti ya mama, kama mtoto yeyote anayetaka kusukwa, akampa chanuo kwa juu ya bega.

Mama akasema, "Ngoja kwanza, mwanangu, nimalize kulia."

Akajibu, "Lia tu, mama. Mimi sina haraka."

Asante, Mjomba.

Mpwa wako,
Sabaha